Wati moja inatosha

Ukiingia duka la vifaa vya muziki, liwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: unataka wati ngapi? Kwa mwenye ukumbi wa harusi hilo ni swali la haki. Kwa mtu anayetaka kusikiliza muziki sebuleni saa nne usiku, watoto wamelala chumba cha pili na jirani yuko upande wa pili wa ukuta wa tofali moja, swali hilo humfanya anunue asichokihitaji na kukiacha anachokihitaji. Ninamwandikia huyu wa pili. Ni wengi kuliko maduka yanavyodhani, na mara nyingi wanarudi nyumbani na mtambo unaonguruma vizuri dukani lakini ukipunguzwa sauti unabaki kukoroma tu, maneno ya mwimbaji hayasikiki na gitaa la besi limepotea.

Tupige hesabu kidogo, kwa sababu ndiyo itakayotuongoza mpaka mwisho. Spika ndogo ya kawaida, yenye wufa (koni ya sauti nene) ya inchi tano, huandikwa kwenye karatasi yake kwamba sensitiviti ni desibeli 85. Maana yake ni kwamba ikipewa wati moja, ukiipima kutoka mita moja, inatoa sauti ya desibeli 85. Weka spika mbili za namna hiyo kwenye chumba cha kawaida, kaa mita mbili na nusu kutoka zilipo, na kila moja ipewe wati moja: masikioni mwako zitafika takriban desibeli 82. Hiyo ni sauti ambayo ukitaka kuongea na aliye kando yako itabidi upaze yako. Usikilizaji wa usiku ni kati ya desibeli 60 na 65 hivi, kiasi cha watu wawili wanaozungumza bila haraka. Na desibeli hazipungui kama shilingi. Kila ukishuka desibeli 10, nguvu inayotumika inabaki moja ya kumi. Kutoka 82 hadi 62 ni desibeli 20, kwa hiyo amplifaya yako inatoa moja ya mia ya wati. Hata ngoma ikipigwa ghafla, ikaruka desibeli 15 juu ya wastani, bado hujafika nusu wati.

Kwa hiyo amplifaya ya wati 100 na ya wati 20, katika chumba hicho na saa hiyo, zote mbili zinafanya kazi ndani ya wati ya kwanza. Zilizobaki zimelala. Yupo mhandisi wa Marekani, Nelson Pass, anayeheshimika sana kati ya watengenezaji wa amplifaya, ambaye alianzisha kampuni na kuiita First Watt, yaani wati ya kwanza, kwa mawazo hayohayo: kama wati ya kwanza ni mbovu, zinazofuata hazina la kukusaidia.

Na wati ya kwanza inaweza kweli kuwa mbovu. Amplifaya nyingi za kawaida hutumia transista zinazofanya kazi kwa kupokezana: moja inaisukuma koni ya spika mbele, nyingine inaivuta nyuma. Pale zinapopokezana pana mshono. Muziki ukiwa mkubwa, mshono huo ni kitu kidogo ndani ya wimbi kubwa, husikii kitu. Muziki ukiwa mdogo, wimbi lenyewe limekuwa dogo na mshono uko palepale, kwa hiyo sehemu yake katika unachosikia inakua. Sauti inakuwa kavu, yenye makali kidogo kwenye herufi kama s na sh, na unajikuta unaongeza sauti bila kujua kwa nini. Watengenezaji makini huziba mshono huo kwa kuacha mkondo kidogo wa umeme upite muda wote, hata kama hakuna muziki. Ndiyo maana amplifaya nzuri ya aina hii huwa na uvuguvugu ukiigusa juu hata ikiwa imetulia. Si kasoro.

Tuje kwenye sikio, maana hapa ndipo spika ndogo na sauti ndogo zinapogombana zaidi. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa maabara za Bell huko Marekani, walichapisha michoro inayoonyesha kwamba sikio la binadamu halisikii sauti nene na sauti nyembamba kwa usawa, na kwamba upungufu huo unazidi kadiri sauti inavyopungua. Vipimo vimerekebishwa mara kadhaa tangu wakati huo, lakini jambo lenyewe limebaki. Sauti ya kati, ile ya hezi 1,000, ikiwa na desibeli 80, sauti nene ya hezi 50 inahitaji kuizidi kwa desibeli 22 hivi ili uisikie sawa nayo. Ishushe ile ya kati hadi desibeli 40, na sasa ile ya hezi 50 inahitaji kuizidi kwa desibeli 38. Tofauti ni desibeli 16. Hukugusa kitu zaidi ya kitufe cha sauti, lakini sikio lako limeondoa besi karibu yote.

Kwa sababu hiyo amplifaya za zamani zilikuwa na kitufe kilichoandikwa Loudness. Watu wengi walidhani ni cha kuongeza kelele, na kwa vijana wa wakati ule ndiyo ilikuwa kazi yake. Kazi yake halisi ni hii ya usiku: kuirudishia besi, na kidogo trebo, kile ambacho sikio limepunguza. Kikibonyezwa muziki ukiwa mkubwa kinaharibu. Kikibonyezwa muziki ukiwa mdogo kinatengeneza. Yamaha wamekuwa na namna bora zaidi ya jambo hili katika baadhi ya amplifaya zao: kitufe cha kuzungusha badala ya kubonyeza. Unaweka sauti pale unapopenda ukiwa peke yako mchana, halafu usiku unapunguza kwa kile kitufe cha pili, nacho kinashusha zaidi sauti za kati na kuziacha za pembeni. Kwa msikilizaji wa usiku, kama angeniuliza aangalie nini kwanza usoni mwa amplifaya, ningemwambia aangalie hicho kabla ya hesabu ya wati. Wapo mashabiki wanaodai kwamba vitufe vya besi, trebo na Loudness vinachafua muziki na kwamba amplifaya safi haina hata kimoja. Huo ni ushauri wa wanaosikiliza kwa sauti kubwa.

Sasa spika yenyewe. Kuna sheria ya maumbile ambayo hakuna fundi wala kampuni iliyoishinda. Wahandisi wanaiita sheria ya chuma ya Hofmann, kwa jina la Josef Anton Hofmann, mwanafizikia wa Marekani aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya spika ya KLH. Baba yake alikuwa mpiga piano mashuhuri. Sheria inasema hivi: boksi dogo, besi ya chini, na sauti nyingi kwa nguvu kidogo. Chagua mawili. Na ina hesabu zake. Ukilipunguza boksi liwe nusu na ukataka besi ibaki ileile, lazima upoteze desibeli 3 za sensitiviti, yaani utahitaji nguvu mara mbili. Ukitaka boksi lilelile lishuke hadi nusu ya hezi lilizokuwa linafikia, utapoteza desibeli 9, yaani nguvu mara nane.

Muuzaji anayetangaza spika ndogo kama kopo la rangi yenye besi ya sabufa na sauti ya ukumbini anakuuzia vitu vitatu pale ambapo maumbile yanakupa viwili. Lakini tazama ni nini msikilizaji wa sauti ndogo anaweza kukitoa bila kuumia. Hahitaji sauti nyingi kwa nguvu kidogo! Tumeona anatumia moja ya mia ya wati. Spika yenye desibeli 82, ambayo mwenye ukumbi ataitupa, kwake ni sawa kabisa, kwa sababu hata akihitaji nguvu mara mbili ya ile hesabu yetu bado hajamaliza wati ya kwanza. Kwa hiyo anapaswa kuwa radhi, na hata kupendelea, spika ndogo ambayo mtengenezaji wake ametoa sadaka sensitiviti ili apate besi na uwiano. Hili ndilo jambo moja ambalo ningependa msomaji aende nalo dukani. Ile namba ya desibeli ambayo wauzaji huitumia kama alama ya ubora, 90, 92, 95, kwa boksi dogo mara nyingi ni alama ya kwamba besi imeuzwa ili kununua kelele.

Mfano mzuri kuliko yote ulitengenezwa na BBC. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wahandisi wa shirika hilo walihitaji spika ya kukagulia matangazo ndani ya magari ya kurushia vipindi, mahali ambapo fundi wa sauti anakaa karibu na ukuta, nafasi hakuna, na kuvaa hedifoni siku nzima hakufai. Walitengeneza boksi la plaiwudi la takriban sentimita 30 kwa 19 kwa 16, limefungwa pande zote bila tundu, na ndani wakaweka wufa aina ya B110 na twita (ile ndogo ya sauti nyembamba) aina ya T27, zote za kampuni ya KEF. Likaitwa LS3/5A. Ripoti yake ilitolewa mwaka 1976, na kampuni kadhaa za Uingereza, Rogers, Spendor, Harbeth na nyinginezo, ziliruhusiwa kulitengeneza. Sensitiviti yake ni kama desibeli 82 au 83. Ukiliongezea nguvu nyingi linalalamika, na kwa dansi ya watu 50 halifai kabisa. Lakini sauti ya mtu anayezungumza ilikuwa ndiyo kipimo chake, na mpaka leo watu wanalitafuta kwa bei za wakusanyaji kwa sababu ya jinsi linavyoitoa sauti hiyo likiwa karibu na wewe na likiwa dogo. Besi yake haishuki sana. Wahandisi waliipa uvimbe mdogo juu kidogo ya pale inapokatikia, na sikio linaridhika.

Kuridhika huko kwa sikio si udanganyifu. Uzi mzito wa gitaa la besi, au wa besi lile kubwa linalosimamishwa sakafuni katika vikundi vya taarab asilia kama Culture Musical Club na Akhwan Safaa, ukipigwa wazi hutoa hezi 41. Spika ndogo nyingi haziwezi kuitoa hezi 41 kwa nguvu yoyote. Lakini uzi huo hautoi hezi 41 peke yake. Unatoa pia 82, na 123, na 164, na kuendelea. Ubongo ukisikia hizo za juu zimepangana sawasawa huijaza wenyewe ile ya chini iliyokosekana. Ndiyo sababu unaweza kulifuata besi la Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz hata kwenye redio ya mkononi. Spika ndogo nzuri ni ile inayozitoa hizo za juu kwa usafi, bila kuvuma. Spika ndogo mbaya ni ile iliyolazimishwa ionekane ina besi kwa kuvimbishwa mahali pamoja, ambapo kila noti ya besi inakuwa ni noti ileile.

Turudi kwenye kuoanisha. Kati ya amplifaya na spika kuna mambo matatu yanayoweza kwenda vibaya kwa msikilizaji wa sauti ndogo, na la kwanza ni kelele ya chini, ule mnong'ono wa sss unaosikika muziki ukisimama. Kila amplifaya inao. Ukiiunganisha na spika ya desibeli 95, mnong'ono huo unakufuata mpaka kwenye kochi. Iunganishe na ya desibeli 83 na umepunguza mnong'ono kwa desibeli 12 bila kulipa chochote. Hapo tena spika nzito kuitika inakuwa rafiki.

La pili watu hulilaumu bila kulijua. Kabla ya CD, vyanzo vingi vya muziki vilitoa umeme mdogo, na amplifaya za miaka ile zilitengenezwa zifike nguvu zote kwa milivolti 150 au 200. CD ilipoingia mwaka 1982 ilikuja na volti 2, yaani mara kumi, na vifaa vingi vya leo vinafuata kipimo hicho. Matokeo yake ni kwamba ukizungusha kitufe cha sauti kidogo tu, muziki unajaa chumba. Na mwanzo wa mzunguko wa kitufe ndipo kilipo dhaifu zaidi: pande mbili za kile kifaa cha ndani hazilingani pale chini, upande wa kushoto unaanza kabla ya kulia, na mwimbaji aliyesimama katikati anasogea pembeni. Mtu anasema spika moja imeharibika. Haikuharibika. Dawa ni kupunguza sauti kutoka kwenye chanzo, simu au kompyuta, ili kitufe cha amplifaya kifanye kazi karibu na katikati. Kama chanzo hakina namna ya kupunguza, fundi anaweza kukuwekea rizista mbili kwa kila upande kwenye waya wa kuingizia, kazi ya dakika chache. Na hapa pia spika ya desibeli 83 inakusaidia, kwani inakulazimisha uzungushe kitufe zaidi.

La tatu ni omu, yaani kipimo cha ukinzani wa spika, na hili limetishiwa watu kupita kiasi. Spika ya omu 4 hudai mkondo mwingi kuliko ya omu 8, na kwa sauti kubwa amplifaya dhaifu hupata moto, ikajizima au ikaungua. Spika nyingine zimeandikwa 8 lakini katika baadhi ya noti hushuka hadi karibu 3. LS50 ya KEF, iliyotoka mwaka 2012 kwa heshima ya ile LS3/5A, ni mojawapo. Kwa moja ya mia ya wati, hilo halina uzito. Usiikatae spika nzuri ya omu 4 au 6 kwa sababu ya woga huo, ila tu usiunganishe jozi mbili za spika kwenye amplifaya ndogo kwa pamoja, kwa kuwa omu zao hugawanyika, na siku wageni watakapokuja na mtu akaongeza sauti ndipo utakapolipa.

Ikiwa unataka kuona amplifaya iliyofikiriwa kwa ajili ya maisha ya kawaida, itazame NAD 3020 ya mwishoni mwa miaka ya 1970, kazi ya mhandisi Erik Edvardsen. Wati 20 kwa kila upande, hesabu ndogo hata kwa wakati ule. Ilikuwa na besi, trebo na Loudness, ilivumilia spika ngumu, na iliuzwa kwa wingi duniani kuliko mashine nyingi zilizojivunia wati mara tano yake. Nyingi bado zinafanya kazi baada ya kubadilishiwa kapasita. Sisemi utafute hiyohiyo. Ninasema ukikuta amplifaya ya wati 20 hadi 40 yenye tabia hizo, usione aibu kwa sababu jirani ana ya 200.

Siku hizi mtu anaweza pia kununua amplifaya ndogo inayotoshea kiganjani, ya aina ya D, ambayo transista zake hazipokezani kama zile za mwanzo bali huwaka na kuzima mara laki kadhaa kwa sekunde. Nyingi zimejengwa juu ya chipu moja ya Texas Instruments, TPA3116. Kwa bei yake ni kitu kizuri sana, na kwa nyumba inayotumia sola ni zaidi ya kizuri, maana hula umeme kidogo na zinaweza kulishwa moja kwa moja na betri ya volti 12. Ila maandishi ya kwenye boksi yasomwe kwa makini. Kwa volti 12, spika ya omu 8 haiwezi kupata zaidi ya wati 9 hivi, haijalishi kimeandikwa nini. Hiyo ni hesabu ya umeme tu. Na kama imekuja na adapta ya volti 12 na ampea 3, adapta nzima inatoa wati 36, kwa hiyo ile 100 kwa kila upande iliyoandikwa mbele haiwezi kutoka popote. Kwetu sisi wati 9 ni nyingi. Ninachokuomba ukikague ni adapta, kwa sababu adapta mbovu huleta mlio wa kung'ang'ania kwenye spika, na mlio huo usiku hauvumiliki. Ukibadilisha adapta au ukitumia betri, mara nyingi unatoweka.

Herufi PMPO, ambazo bado zimebandikwa kwenye sabufa nyingi madukani mwetu, ziachwe kabisa. Hazina kipimo kinachokubalika popote. Geuza kifaa nyuma usome kinakula wati ngapi kutoka ukutani. Kinachokula wati 60 hakiwezi kukutolea 1,000.

Sabufa zenyewe ninaziona nyumba hadi nyumba, na ninaelewa kwa nini zinapendwa. Lakini katika seti nyingi za sabufa moja na spika mbili za pembeni, zile za pembeni ni ndogo mno kiasi kwamba sauti ya mwanamume, inayoanzia karibu hezi 100, inagawanywa: kifua kinatokea kwenye sabufa chini ya meza na koo linatokea ukutani. Ukipunguza sauti, kifua kinabaki kimya na koo linabaki peke yake. Halafu kuna jirani. Wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, na ukuta wa tofali moja hauna la kulifanya. Jirani hasikii wimbo. Anasikia dum, dum, dum, jambo ambalo ni baya kuliko kusikia wimbo mzima. Spika mbili zenye wufa ya inchi tano au sita na nusu kila moja, bila sabufa, zitakupa amani zaidi.

Chumba nacho ni sehemu ya spika. Nyumba zetu nyingi za mjini ni saruji na vigae, wakati mwingine bati juu bila dari, na kila kitu kinarudisha sauti. Njia rahisi ya kukipunguza chumba ni kukaa karibu na spika. Ukisogea kutoka mita tatu hadi mita moja na nusu, sauti inayokuja moja kwa moja kutoka kwenye spika inaongezeka desibeli 6 huku ile inayorudi kutoka kwenye kuta ikibaki ilivyokuwa. Unapunguza kitufe, jirani anapata nafuu, na wewe unasikia maneno vizuri zaidi kuliko mwanzo. Pia unaishinda feni. Pangaboi ikizunguka kwa kasi inaweza kufikia desibeli 45 na zaidi, na inafunika hasa vile vitu vidogo ambavyo umenunua spika nzuri ili uvisikie: mguso wa nyuzi za kanuni, pumzi ya mpiga nai. Zulia au mkeka mkubwa kati yako na spika, pazia zito nyuma yako, kochi la kitambaa badala ya la ngozi. Zaidi ya hapo sioni haja.

Ukuta wa nyuma utumie, usiuogope. Spika ikisogezwa ukutani besi yake huongezeka, hadi desibeli 6 kwa noti za chini kabisa, na kwa usikilizaji wa sauti ndogo hiyo ni zawadi. Kwa hiyo ninapendelea spika zilizofungwa pande zote, au zenye tundu la hewa mbele. Zenye tundu nyuma huhitaji nafasi, na zikibanwa ukutani huvuma. Kama ndizo ulizonazo, zibe tundu kwa kipande cha sponji usikie tofauti. (Wavu mwembamba kwenye tundu ni lazima hata hivyo, kwa sababu ya mende.) Wakazi wa Mji Mkongwe na Lamu wana jambo lao la ziada. Vyumba vya nyumba za zamani ni vyembamba, kama mita mbili na nusu hadi tatu, kwa kuwa upana wake ulipangwa na urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Chumba cha upana huo hukuza kwa asili noti za karibu hezi 60, na kuta zake nene za mawe humlinda jirani. Sijui chumba kinachozifaa spika ndogo kuliko hicho, mradi uziweke kwenye upande mrefu au mfupi kwa kujaribu, na kuuchagua unaovuma kidogo.

Usiziweke ndani ya kabati la televisheni. Twita iwe usawa wa sikio ukiwa umekaa. Stendi mbili za chuma kutoka kwa fundi wa kuchomelea zinatosha kabisa.

Kununua mitumba ni njia halali na mara nyingi ndiyo bora, kwani spika nzuri zilizotumika Uingereza, Ujerumani au Japani zinafika Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar kwa bei isiyolingana na thamani yake. Angalia kwanza ule ukingo laini unaoizunguka koni. Kama ni wa sponji, ubonyeze taratibu kwa kidole. Sponji huoza kwa umri, na joto na unyevu wa pwani huharakisha, ukakuta unameguka kama majivu. Wa mpira hudumu. Halafu isukume koni kwa vidole vinne, polepole na kwa usawa, iingie kidogo na kurudi. Ikikwaruza, koili imeungua au imepinda, iache. Mwombe muuzaji aipime kwa mita: spika ya omu 8 huonyesha karibu 6, ya omu 4 huonyesha karibu 3, na mbili za jozi moja zinapaswa kukaribiana. Kwa amplifaya, soma nyuma kabla ya kuichomeka. Iliyotengenezwa kwa soko la Japani ni ya volti 100, na ukiichomeka kwenye volti 230 au 240 za kwetu imekwisha hapohapo. Inahitaji transfoma ya kushusha umeme, na gharama ya transfoma iingie kwenye bei mnayopatana.

Mwisho ni kujaribu. Muuzaji ataongeza sauti, ndiyo kazi yake, na spika yenye sauti kubwa kidogo kuliko nyingine huonekana bora hata kama tofauti ni desibeli moja. Mwombe apunguze. Mwambie apunguze tena, mpaka uweze kuzungumza naye bila kupaza sauti, na mlango wa duka ufungwe kama inawezekana. Anza na mtu anayezungumza, taarifa ya habari au hotuba, kwa sababu sauti ya binadamu tunaijua tangu kuzaliwa na hatudanganyiki kwayo: isiwe imeziba pua, isiwe inatokea ndani ya debe. Kisha weka wimbo mmoja wa zamani wa dansi unaoujua kwa moyo. Lifuate gitaa la besi noti kwa noti. Kama unaweza kuimba mstari wake kwa mdomo wakati muziki ukiwa mdogo hivyo, spika hizo zinakufaa. Badilisha jozi, urudie kwa kiwango kilekile cha sauti, na usimruhusu mtu akuharakishe. Kama duka lina msongamano wa wateja, rudi asubuhi ya katikati ya wiki.